Kuivisha Rangi ya Vichwa vya Jigi: Mwongozo Kamili kwa Mvuvi Anayejitengenezea

Mvuvi anayejimiminia mwenyewe vichwa vya jigi, yaani yale madonge ya madini ya risasi yaliyoshika shingo ya ndoana, huweka nguvu zake zote kwenye kalibu na rangi. Hutafuta kalibu yenye umbo zuri, hununua unga wa rangi ya machungwa, huchovya, na akiona kichwa kinameremeta huridhika. Kikigonga mwamba mara chache, rangi hubanduka vipande vipande na risasi ya kijivu ikaanza kuchungulia. Wengi hapo huilaumu rangi na kutafuta chapa nyingine. Lakini rangi hiyohiyo, ikipakwa kwenye risasi safi na kuokwa kwa joto na muda unaofaa, inaweza kugongwa kwa nyundo mpaka risasi ibonyee na yenyewe ibaki palepale. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye usafi na joto kuliko kwenye mapambo.

Mfano nitakaoutumia ni kichwa cha mviringo cha gramu 28, yaani aunsi moja, kile tunachokivisha mkia wa mpira na kukishusha mwambani kutafuta changu na chewa, au kukivuta kwa kasi katikati ya maji wakati kolekole wanapita. Vichwa vidogo vya gramu 3 hadi 10 navyo vinafuata njia ileile, ila vina tabia zake, na nitazitaja kila panapohusika.

Kwanza, risasi yenyewe

Risasi ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Pwani imeshalipa gharama ya jambo hili. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa ukuta kwa ukuta na makazi ya watu, watoto wakakutwa na risasi kwenye damu, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014 baada ya mapambano marefu. Phyllis Omido, aliyeyaongoza, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Basi usipasue betri kutafuta risasi ya kuvulia. Ndani yake mna tindikali na salfati ya risasi, na vumbi lake ni baya kuliko donge la risasi lenyewe. Tafuta risasi safi: chubwi kuukuu (vizito vya mishipi na nyavu), vipande vya mabomba ya zamani, au vile vipande vya kubalansi tairi. Hivi vya mwisho vichague kimoja kimoja, maana siku hizi vingi ni vya zinki au chuma. Risasi hukatika kwa koleo bila taabu na huacha alama ya kijivu ukiichora kwenye karatasi. Zinki ni ngumu na inalia ikidondoka sakafuni.

Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi. Kwa joto la kumiminia haitoi mvuke mwingi. Kinachomwingia mtu ni vumbi la takataka zinazoelea juu ya sufuria, na mikono inayogusa risasi kisha ikagusa chakula, sigara au mdomo. Fanya kazi nje, upepo ukikutokea mgongoni. Usile wala kunywa chochote hapo. Nawa kwa sabuni na maji mengi, fua nguo ulizovaa peke yake, na watoto na mama wajawazito wasikaribie. Wala tone la maji lisiguse risasi iliyoyeyuka: maji hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha risasi usoni mwako. Kalibu yenye unyevunyevu na kipande cha risasi kilicholala nje usiku wa mvua ni hatari ileile.

Na sufuria, upawa, oveni, koleo, chochote kitakachogusa kazi hii, hakirudi jikoni tena. Kiandike kwa rangi nyekundu na ukifungie mahali pake. Hili sina nafasi ya kulijadili.

Kusafisha: nusu ya kazi imo humu

Kichwa kikitoka kwenye kalibu huwa na kijishina palipopita risasi na ukingo mwembamba kwenye mshono. Kata kijishina kwa koleo la kukatia, kisha kwangua ukingo kwa kisu au tupa laini. Usitumie msasa mkavu, kwa sababu unatengeneza vumbi la risasi. Ukilazimika kutumia msasa, tumia ule wa maji, ukiwa umeulowesha, na ufute matope yake kwa karatasi ya kutupa.

Baada ya hapo ondoa mafuta. Alama ya kidole tu inatosha kuacha kidoa ambacho rangi haitashika, na kalibu nyingi huwa zimefukizwa moshi wa mshumaa au kupulizwa dawa ya kuzuia kunata, vitu vinavyobaki juu ya risasi. Futa kila kichwa kwa kitambaa chenye thina au spiriti, ukiwa na glavu, na kuanzia hapo kishike kwa ndoana tu. Wapo wanaosafishia siki. Mimi siipendekezi: siki huila risasi na kutengeneza chumvi inayoyeyuka kwenye maji, ambayo ni sumu kali, na isiposuuzwa vizuri huacha utando mweupe chini ya rangi.

Risasi mpya inang'aa, lakini hewa huifubaza haraka, na ikikaa sana, hasa karibu na bahari, hupata unga mweupe. Rangi ikikaa juu ya unga huo imekaa juu ya vumbi, haijashika risasi. Miminia asubuhi, paka jioni. Ikibidi kungoja, vifungie vichwa kwenye mfuko usiopitisha hewa, na siku ya kupaka uvifute upya.

Hatua ya mwisho ya usafi wengi huiruka: viweke vichwa vitupu ndani ya oveni kwa nyuzi 180, dakika 10 hadi 15, kabla ya kupaka chochote. Risasi ya kumiminwa ina vitundu vidogo vinavyoshika hewa, unyevu na mafuta. Visipotoka sasa vitatoka wakati rangi ni laini, na utaona mapovu na matundu ya sindano juu ya kazi nzuri.

Kwa nini rangi ya unga

Rangi ya unga ni ileile wanayoitumia mafundi wa madirisha ya alumini, mageti na fremu za baiskeli. Ni resini (aina ya plastiki) ya poliesta au epoksi iliyosagwa pamoja na rangi na hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha, bila kimiminika chochote. Ikipata joto hufanya mambo mawili, na wengi huliona la kwanza tu. Kwanza inayeyuka, inatandaa na kumeremeta. Hilo hutokea ndani ya sekunde chache. Pili, joto likiendelea, molekuli zake huanza kuungana na kufungamana mpaka rangi yote inakuwa kitu kimoja kisichoyeyuka tena. Hilo huchukua dakika, na ndilo kuiva kwenyewe. Kwa macho huwezi kutofautisha rangi iliyoyeyuka tu na iliyoiva. Zote zinameremeta sawasawa. Tofauti utaijua kwenye mwamba.

Wavuvi wa Marekani, ambako kujimiminia vichwa vya jigi ni kazi ya majumbani ya miaka mingi, huuziwa unga huu kwenye vikopo vidogo, na maelekezo ya kawaida ni kuoka kwa nyuzi 350 za Farenhaiti, yaani 177 za Selsiasi, kwa dakika 15 hadi 20. Kwa mvuvi wa Mombasa au Dar es Salaam njia nyepesi ni kwenda kwenye karakana inayopaka madirisha na kuomba kununua nusu kilo ya nyeupe na chochote kilichobaki cha rangi kali. Nusu kilo inapaka vichwa vingi mno. Ila uliza joto la kuokea la unga huo. Wa viwandani mara nyingi hutaka nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika 10 au 15, na muda huo huhesabiwa tangu chuma chenyewe kipate joto. Risasi haina shida na nyuzi 200.

Unga huu hauupendi unyevu. Wakati wa masika hushikana mabonge. Uweke kwenye chupa yenye mfuniko wa kukaza pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uuchekeche kwa kichujio cha chai cha zamani kabla ya kuutumia. Vaa barakoa nzuri unapoushika. Na usiupeperushe karibu na moto wa wazi, kwa sababu vumbi lake likiwa hewani linaweza kushika moto kwa mlipuko.

Kuufanya unga uelee

Ukichovya kichwa kwenye unga uliotulia chupani, unakishindilia, na upande mmoja unatoka mnene kuliko mwingine. Unga unatakiwa uwe umechanuka. Njia rahisi ni kutikisa chupa iliyofungwa kabla ya kila kuchovya, kisha kufungua na kuchovya mara moja. Inafaa kwa vichwa vichache.

Kwa kazi ya maana, tengeneza kikombe cha hewa. Chukua kipande cha bomba la PVC kinachoingia kichwa cha jigi kwa nafasi, urefu wa sentimita 15 hivi. Upande wa chini weka karatasi ngumu ya kuchujia kahawa, mikunjo miwili, na uigundishe vizuri pembeni. Chini ya karatasi weka kizibo chenye tundu la mrija, na mrija uende kwenye pampu ndogo ya hewa ya tangi la samaki wa mapambo. Jaza unga mpaka theluthi ya bomba. Hewa ikipita kwenye karatasi inaunyanyua unga wote kidogo kidogo, na unaanza kuchezacheza kama uji unaotaka kuchemka. Ukiona unaruka nje ya bomba, hewa imezidi, ibane kwa kifundo kwenye mrija. Ukiona vishimo viwili vitatu tu vinatoa hewa na kwingine kumetulia, unga una mabonge au karatasi imeziba.

Kupasha moto na kuchovya

Kabla ya kupasha, linda tundu la mshipi. Chomeka kijiti cha meno au kipande cha waya kwenye jicho la ndoana, au lifunge kwa ule utepe mweupe wa mafundi bomba, unaostahimili joto la oveni. Ukisahau, bado una nafasi: rangi ikiwa imeyeyuka lakini haijaokwa, sindano inapita kirahisi. Ikishaokwa utahangaika na keekee ndogo huku ukikwaruza ndoana.

Kwa vichwa vya gramu 15 na kuendelea, tumia oveni yenyewe kupashia. Ukivining'iniza kwa nyuzi 180 kwa dakika 15 vyote vinakuwa na joto moja, na hilo ndilo linalofanya kazi itoke sawa. Toa kimoja kimoja kwa koleo, funga mlango haraka, chovya. Vichwa vidogo havifai kwa njia hiyo kwa sababu vinapoa kabla havijafika kwenye kikombe. Hivyo vipashe kwa mashine ya hewa moto, ile inayofanana na ya kukaushia nywele ila yenye joto kali. Hesabu sekunde, uvigeuze pande zote, na ukipata hesabu inayofaa kwa ukubwa fulani iandike ukutani, kwa sababu itabaki vilevile. Moto wa mshumaa au kibatari unaacha masizi, na masizi hayashiki rangi. Moto wa gesi unafaa ukiwa na uangalifu: pasha kichwa na usiguse mpindo wa ndoana. Chuma cha ndoana kikipashwa mpaka kigeuke buluu kimepoteza ukakamavu wake, na samaki mkubwa ataunyoosha mpindo. Joto la oveni ya nyuzi 180 haliifanyi ndoana lolote.

Chovya kwa sekunde moja au mbili, ukikizungusha kidogo, kisha toa na ugonge koleo kwenye ukingo ili unga wa ziada udondoke. Sasa tazama. Unga unapaswa kugeuka kutoka vumbi kuwa kioo ndani ya sekunde mbili tatu wenyewe, bila kurudishwa motoni. Ukibaki na manyoya kama ya pichi, kichwa kilikuwa baridi kidogo. Kipitishe kwenye hewa moto sekunde chache na kitalainika. Usikichovye tena kabla hakijalainika. Ukitoa moshi, ukatiririka na kufanya tone puani, kilizidi joto, na rangi imeshika nene mno. Rangi nene ni udhaifu: inapasuka kwa urahisi na inaficha umbo. Watu wengi wanaoanza huongeza rangi wakidhani wanaongeza nguvu. Tabaka moja jembamba lililofunika pote linatosha.

Rangi mbili, macho na mng'ao wa gizani

Rangi zote kali, yaani machungwa, njano ya ndimu na waridi, zinataka nyeupe chini yake. Bila nyeupe, kijivu cha risasi kinazizima. Chovya kwanza kwenye nyeupe kwa wepesi sana, na kichwa kikiwa bado na joto kipake rangi ya pili. Kwa mgongo wa rangi tofauti, chukua brashi laini ya kujipodolea, ichote unga kidogo, na uigonge kwa kidole juu ya kichwa kilicho moto. Unga unadondokea mgongoni tu na mpaka wa rangi hizo mbili unafifia wenyewe. Hakuna haja ya kuoka kati ya rangi na rangi. Yeyusha zote, oka mara moja mwishoni.

Unga unaong'aa gizani nao unataka nyeupe chini, na juu yake tabaka jembamba lisilo na rangi, kwa sababu chembe zake ni kubwa na uso wake unabaki na mikwaruzo.

Macho yachore baada ya kuoka, si kabla. Kichwa cha msumari mpana kilichochovywa kwenye rangi ya mafuta kinapiga duara nyeupe safi kuliko brashi yoyote. Ikikauka, msumari mwembamba na rangi nyeusi. Funika jicho kwa tone la epoksi au jeli ya kucha, nitakayoieleza hapo chini.

Kuhusu uchaguzi wa rangi nitasema machache tu. Nyekundu ndiyo inayopotea kwanza majini. Ukipita mita 10 hivi inaanza kuonekana nyeusi, kwa hiyo kichwa chekundu cha kuvulia mita 40 ni kichwa cheusi. Huko chini nyeupe na ile ya gizani ndizo zinazofanya kazi. Maji yakichafuka, kama Malindi wakati Mto Sabaki unapomwaga udongo wake baharini, chagua njano ya ndimu, machungwa au nyeusi kabisa.

Kuoka

Hapa ndipo pa kutuliza akili. Nunua oveni ndogo ya umeme ya mezani, hata iliyotumika, na ndani yake weka kipimajoto cha oveni cha kujitegemea. Namba zilizoandikwa kwenye kitufe huwa mbali na ukweli, mara nyingi kwa nyuzi 20 na zaidi, na joto hupanda na kushuka kila mara oveni inapojizima na kujiwasha. Iache ijipashe kwa dakika 20 kabla ya kuingiza kitu, kisha usome kipimajoto, wala si kitufe.

Vining'inize vichwa kwa mpindo wa ndoana kwenye waya, visigusane na visiguse ukuta wala koili. Rangi inalainika tena kabla ya kuiva, na viwili vilivyogusana vinakuwa kimoja. Vyenye rangi nene vitafanya tone chini. Ukiliona mapema, lipanguse kwa waya na uendelee. Chini tandaza karatasi ya alumini.

Muda: unga wa wavuvi, nyuzi 177 kwa dakika 15 hadi 20. Unga wa karakana, fuata alichokwambia fundi. Kwa vyovyote, anza kuhesabu pale kipimajoto kinaporudi kwenye joto hilo baada ya kufunga mlango, na kwa vichwa vizito vya gramu 60 au 100 ongeza dakika 5 au hata 10, kwa sababu risasi nyingi huchukua muda kupata moto mpaka kiini. Nyeupe na rangi kali huanza kugeuka manjano zikikaa mno, kwa hiyo hizo zitoe muda ukitimia. Nyeusi na kijani kibichi zinavumilia. Kati ya makosa mawili, kuoka pungufu kunarekebishika: unarudisha ndani. Kuoka kupita kiasi hakuna dawa.

Mwishoni zima oveni, fungua mlango na uviache vipoe vyenyewe. Usivitumbukize kwenye maji.

Asiye na umeme anaweza kutumia jiko la mkaa kwa namna ileile ya kuoka keki kwa kupalia makaa juu. Sufuria kuukuu nzito, mchanga mkavu chini sentimita 3 au 4, kigoda cha waya cha kuning'inizia, mfuniko wa bati wenye tundu la kupitishia kipimajoto cha fimbo. Makaa machache chini, machache juu, na subira. Shida yake ni kwamba joto linaweza kupanda ghafla, kwa hiyo kaa hapo mwanzo hadi mwisho na uondoe makaa kwa koleo linapozidi 190. Bila kipimajoto usijaribu, utapika risasi na rangi pamoja. Jiko hilo liwe nje, mbali na mlango wa nyumba.

Onyo kwa wanaotumia madini mengine badala ya risasi. Bati tupu (madini yenyewe, si mabati ya kuezekea) huyeyuka kwa nyuzi 232, kwa hiyo linavumilia 177. Mchanganyiko wa bismathi na bati, unaopendwa na wanaokwepa risasi, huyeyuka kwa 138, na kwenye oveni hii utaokota ndoana tupu. Vichwa hivyo vipake kwa njia ya baridi inayofuata hapo chini. Jambo hili linawahusu zaidi wenzetu walioko ughaibuni. Uingereza imezuia chubwi za risasi za gramu 0.06 hadi 28.35 tangu mwaka 1987 kwa sababu ya vifo vya bata-maji waliozimeza, na jimbo la New Hampshire, Marekani, limepiga marufuku jigi za risasi zenye aunsi moja au pungufu. Kuipaka risasi rangi hakubadilishi sheria hizo wala hakumsaidii ndege: firigisi yake husaga rangi pamoja na mawe na kuifikia risasi.

Kupima kama imeiva

Katika kila mkupuo, toa kichwa kimoja cha kuharibu. Kikishapoa kabisa, loweka pamba kwenye thina kali au asetoni na usugue mahali pamoja kwa nusu dakika. Pamba ikitoka safi au na kivuli kidogo tu, imeiva. Ikitoka na rangi, na kidole kikahisi kunata, rudisha mkupuo wote ndani kwa dakika 10 na upime tena. Kipimo cha pili ni nyundo: weka kichwa juu ya zege na ukigonge mpaka risasi ibonyee. Rangi iliyoiva inabonyea nayo. Isiyoiva inaruka kama ganda la yai.

Ikipita kipimo cha thina lakini ikabanduka kwa nyundo, ikiacha risasi tupu yenye mng'ao, tatizo si joto. Ni mafuta au unga mweupe chini yake, na dawa yake iko kwenye kusafisha.

Bila unga wala oveni

Rangi ya mafuta ya kawaida na rangi ya gari ya kupuliza zinawezekana, zikitanguliwa na praima ya kushika chuma na nyeupe. Paka matabaka membamba, kila moja likikauka kabla ya linalofuata. Kukauka kwa kugusa na kuiva ni vitu viwili hapa pia: rangi ya mafuta huendelea kuiva kwa kuvuta oksijeni kwa siku nyingi. Kipe kichwa wiki nzima kivulini penye hewa kabla ya kukitupa majini.

Rangi ya kucha ya kawaida inakauka haraka na kuna kila rangi dukani, lakini haiivi kamwe. Kimiminika chake kinaruka tu, na thina inaiyeyusha tena hata baada ya mwaka. Itumie kama urembo wa ndani na uifunike.

Kifuniko bora cha njia hii kiko saluni. Jeli ya kucha, ile inayogandishwa kwa taa, ni resini inayoiva kwa mwanga wa urujuanimno, na taa yake ndogo haina bei kubwa. Paka jembamba, weka chini ya taa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, geuza kichwa, rudia upande wa pili. Jua la adhuhuri la pwani nalo linaiivisha, mradi ukigeuze kichwa ili kila upande ulione. Uso ukibaki unanata, ufute kwa spiriti. Usiiguse jeli mbichi kwa ngozi, kwa sababu kuna watu inawaletea mzio ambao hauondoki tena.

Epoksi ya mirija miwili ni kifuniko kingine, na ngumu kuliko vyote. Pima sehemu sawa kwa sawa kama ilivyoandikwa, changanya taratibu kwa dakika mbili ukikwangua pembeni, paka, kisha ugeuzegeuze kichwa mpaka ianze kuwa nzito, la sivyo inateremka upande mmoja. Kuzidisha hadina hakuiharakishi, kunaiacha laini daima. Kwenye unyevu mwingi huota utando wa mafutamafuta juu. Uoshe kwa maji ya sabuni, haudhuru. Ishike baada ya saa 24, ivulie baada ya wiki.

Kuhifadhi, kukarabati na kutupa taka

Vichwa vilivyopoa vikae usiku mmoja kabla ya kuviweka kwenye sanduku, na usivichanganye na mikia ya mpira laini. Mafuta ya mpira huo hulainisha rangi ambazo hazikuiva na huacha madoa hata kwenye zilizoiva. Baada ya kuvua, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kutu huanzia pale ndoana inapoingia kwenye risasi, na ikianza hapo inainyanyua rangi kutoka chini.

Rangi ya unga iliyoiva haiyeyuki tena, kwa hiyo huwezi kuirudisha motoni kuziba palipobanduka, na kuichoma ili kuitoa kunazalisha moshi wa sumu. Kwangua kingo kwa msasa wa maji, futa kwa spiriti, ziba kwa rangi ya kucha na uifunike kwa jeli. Kikibanduka zaidi ya nusu, kata ndoana, weka risasi kwenye kopo la kuyeyushia tena, na siku ya kuyeyusha kaa mbali na moshi wa rangi mpaka uishe.

Vipande ulivyokata, vitambaa vya kufutia, matope ya msasa na ule unga wa kijivu wa juu ya sufuria, vyote viweke kwenye kopo la bati lenye mfuniko na maandishi. Visiende shambani, visiende kwenye shimo la taka la nyumbani, wala visitupwe ufukweni. Vipande safi vinarudi kwenye sufuria mkupuo ujao. Kilichobaki mpelekee mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye leseni ya kushughulikia risasi.